Neno Tupu

Mumbua, mwiitu wakwa, binti yangu,

Umeenda Tala kutafuta koti la baridi, na najua ukishainamia yale marundo ya mitumba hutarudi kabla jua halijalegea. Kwa hiyo nina saa mbili, labda tatu. Zinanitosha kuandika jambo ambalo limenishinda kusema tangu asubuhi, na nataka ulipate kwangu kabla hujalipata kambini.

Nimempigia simu Kocha Musembi wa kambini. Nimemweleza kilichotokea leo kwenye meza ya kusafishia bastola. Amesema hutasimama kwenye mstari wa shabaha siku ya Jumatano, siku ya kuchagua timu, mpaka kwanza urudie mtihani wa usalama. Utaurudia Jumatatu mbele ya wenzako wote. Ukishindwa, utarudi nyumbani na nafasi yako atapewa mwingine.

Basi umejua. Kasirika kwanza, halafu uendelee kusoma.

Mambo ya blanketi, sabuni, dawa ya kichwa na mtu wa kulala naye chumba kimoja, mama yako ameyamaliza, na sina la kuongeza. Mimi ninalolijua vizuri ni moja tu, na nimelijua kwa gharama ya mtu mwingine. Nitakueleza polepole, kwa kuwa naona tulitoka pale kilabuni kila mmoja na hadithi yake.

Hadithi yako ni kwamba baba yako, fundi wa silaha aliyestaafu, ambaye kilabu kimemwachia funguo za ghala, alifungua sanduku la bastola mpya ya shabaha ambayo kilabu kimekuazima uende nayo kambini. Ulikuwa na furaha. Mimi nilikuwa na furaha kukuzidi, na hapo ndipo kosa lilipoanzia. Nilitaka niwe wa kwanza kuishika. Nilikuwa nimesoma kijitabu chake mara tatu tangu Alhamisi, nikijua kila pini inakaa wapi, nikawa kama mtu aliyesoma barua za mji ambao hajawahi kuuona. Ulipokuwa unatandaza kitambaa mezani na kupanga brashi, niliichukua nikaweka ndani yake risasi moja ya plastiki, ile nyekundu ya mazoezi, nione springi inairudishaje sehemu ya juu. Inairudisha vizuri sana. Kisha simu ikalia. Mama yako alitaka kujua kama tutarudi kwa chakula cha mchana. Nikaiweka bastola mezani, nikajibu, nikazungumza kuhusu maharagwe, nikarudi, nikaichukua na kukukabidhi.

"Tupu," nikasema.

"Sawa, Nau," ukasema, kwa neno letu la kumwita baba.

Ukaielekeza kwenye magunia ya mchanga, kama nilivyokufundisha. Bastola ya aina hii haifunguki mpaka kwanza uvute kifyatulio, nyundo ya ndani ishuke. Ukavuta. Ikalia ule mlio mdogo mkavu. Kisha ukarudisha sehemu ya juu nyuma, na kile kitu chekundu kikaruka, kikagonga kopo la mafuta na kutulia mezani.

"Nau, hii ni nini sasa?"

"Ni ya mazoezi."

"Najua ni ya mazoezi. Ilikuwa inafanya nini huko ndani?" Ukacheka. "Mzee, umeisha. Nitaambia mama akutafutie miwani."

Nami nikacheka. Nikakuuliza kwa nini hukuangalia kwanza.

"Si wewe ndio umesema tupu?"

"Na kama angekuwa mtu mwingine?"

"Mtu mwingine ningeangalia. Lakini wewe, Nau, nikianza kuangalia nyuma yako, si utasema nimekudharau?"

Hapo niliiokota ile ya plastiki nikaitia mfukoni. Ukadhani nimekubali. Ukaendelea na kazi, na ni haki niseme kwamba kazi yenyewe uliifanya vizuri kuliko mafundi niliowafundisha kwa mshahara wa serikali. Watu hudhani kitu kipya ni kisafi. Bastola mpya ni chafu kuliko ya zamani, maana hupakwa grisi nzito kiwandani isishike kutu safarini, na grisi hiyo ikikutana na moshi wa baruti inakuwa ukoko. Wewe ulilijua hilo bila kuambiwa. Ulipoitoa springi uliibana kwa kidole gumba, haikuruka. Fimbo ya kusafishia uliiingiza kutoka upande wa chemba, si kutoka mdomo wa mtutu, kwa sababu mdomo ukichubuka hata kwa upana wa unywele risasi itatoka ikiyumba, na utakaa mwaka mzima ukilaumu mkono wako. Kitambaa cha kwanza kilitoka cha rangi ya chai, cha nne kijivu, cha saba cheupe. Mafuta uliyatia kwa ncha ya kijiti, matone matatu, ukapangusa mawili. Ukaunganisha kila kitu bila kubakiwa na pini mkononi.

Ningekuwa mtahini ningekupa alama zote isipokuwa moja. Na bila hiyo moja, zile nyingine ni za mtu anayejua kung'arisha kitu kitakachomuua mwenzake.

Sasa nikwambie kwa nini sikulipinga jibu lako. Halikuwa jibu lako. Lilikuwa langu. Mama yangu alinifundisha kule Ndithini, na mimi nikakufundisha wewe, kwamba mkubwa akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili na hukichungulii mbele yake. Akikupa kibuyu cha asali, huinamishi kuona kimejaa kiasi gani. Kuchungulia ni kumwambia machoni kwamba unamshuku. Ni adabu nzuri, na sijaona nyingine inayoizidi kwa kufanya watu wakae pamoja bila kuchokana. Lakini nilikupa adabu ya kibuyu, kisha nikakupa bastola, na sikukwambia mahali ambapo ya kwanza inaishia.

Nilipokuwa na umri kama wako, nilikuwa fundi mdogo katika karakana ya silaha ya kikosi chetu, kule Bonde la Ufa. Mkubwa wangu alikuwa sajini mmoja ambaye sitamtaja, kwa kuwa ana watoto na ni watu wema. Alikuwa mtaalamu kwelikweli. Angeweza kusikia silaha ikilia mbali akakwambia springi yake imechoka. Asubuhi moja alirudi kutoka uwanjani na bastola ambayo alikuwa ameijaribu kwa risasi za kweli, akanipa niisafishe.

"Tupu, kijana," akasema, na akaenda kunywa chai.

Nilipokea kwa mikono miwili. Niliiweka juu ya meza, na sitasahau kwamba nilikuwa nimeilaza kuelekea mlangoni, kwa sababu ndivyo ilivyonifaa kushika bisibisi. Nikavuta kifyatulio ili ifunguke. Risasi ilipita kwenye ubao wa meza na kuingia kwenye goti la Kioko.

Hukumjua Kioko, ingawa ulilala kwenye kitanda chake. Alikuwa mlinzi wa mlango wa karakana, kijana wa Ndithini kama mimi, mwenye maneno mengi na sauti ya kuimba kanisani. Alianguka bila kulia. Alinitazama tu, na macho yake hayakuwa na mshangao. Jambo hilo la macho lilinisumbua miaka mingi kabla sijaelewa maana yake.

Utafikiri risasi hiyo ndiyo kosa ninalotaka kukueleza. Siyo. Ilikuwa ajali, na ajali ina mahali pake. Kosa lilikuja siku tatu baadaye, kwa kalamu. Sajini aliniita ofisini, akaweka karatasi mbele yangu. Ilikuwa imeandikwa tayari. Ilisema kwamba mlinzi Kioko aliileta bastola karakanani ikiwa na risasi ndani na hakumjulisha mtu yeyote.

"Weka sahihi hapa," akasema. "Kioko ataenda nyumbani vyovyote vile. Goti hilo halitarudi kazini. Kwa nini twende watatu?"

Hakunitisha. Ningekuwa na la kujitetea kama angenitisha. Alisema kwa upole, kama mzazi, na mimi nikapokea kalamu kama nilivyopokea bastola. Sikuinamisha kibuyu. Nilitia sahihi bila hata kusoma mstari wa mwisho, kwa kuwa kusoma mbele yake kungekuwa kumshuku. Kioko alitoka hospitali na barua ya kufukuzwa kazi. Mimi nilipandishwa cheo mwaka uliofuata.

Nikaendelea na maisha. Nikanunua shamba huko huko Bonde la Ufa, nikajenga, nikapanda mahindi. Kulikuwa na jirani yetu mmoja mzee, mwenyeji wa pale, ndiye aliyenionyesha wapi maji hutuama na wapi pa kuchimba choo. Uchaguzi ulipochafuka, aliingia kwetu jioni, akanywa uji, akasema, "Laleni, mwanangu. Hapa kwetu hakuna neno." Mama yako alinitazama, na nilijua anataka nimuulize: umejuaje, umezungumza na nani, vijana wako wapi usiku huu? Sikuuliza. Ningemuuliza vipi mzee kama yule? Siku ya pili tuliondoka na begi moja na wewe mgongoni mwa mama yako, na nilipogeuka kutazama nyuma, paa la nyumba yangu lilikuwa tayari halipo.

Mzee yule hakutudanganya. Hilo nimelipima kwa miaka mingi na sina shaka nalo. Alitupenda. Alisema hakuna neno kwa sababu alitaka pasiwe na neno, na hakuwa ametoka nje kutazama. Sajini naye hakunidanganya aliposema tupu. Na mimi leo sikukudanganya. Mtu anayekudanganya, Mumbua, utajifunza kumtambua, maana macho yake hukimbia. Anayekupenda na hajatazama hana dalili yoyote. Sauti yake imetulia. Anaamini.

Tulirudi Ndithini tukakuta ardhi ya baba yangu imeshagawanywa na ndugu zangu, kila mmoja na ua wake. Siwalaumu, nilikuwa nimewaambia sitarudi. Aliyetupokea ni Kioko. Alikuwa akitembea kwa fimbo. Alituachia chumba chake na kitanda chake, yeye akahamia jikoni, na kwa miezi mitatu tulikula kwake. Mwezi wa pili nikashindwa kumeza. Nilimkuta uani akipukuchua mbaazi, nikakaa chini.

"Kioko, ile ripoti."

"Ripoti gani?"

"Ya goti lako. Bastola hukuileta na risasi. Ni mimi sikuangalia. Sajini aliniambia tupu, nikaamini. Halafu nikaweka sahihi kwamba ni wewe."

Aliendelea kupukuchua.

"Nilikuona," akasema.

"Uliniona nini?"

"Nilikuona hukuangalia. Maneno yalinifika hapa," akagusa koo, "nikwambie, wewe, fungua kwanza. Lakini wewe ulikuwa fundi, mimi mtu wa mlango. Nikasema, ah, si anajua kazi yake."

Ndipo nikayaelewa yale macho. Alikuwa ameiona risasi ikija kabla sijaifyatua, akaona haya kunionya.

"Na ripoti?" nikauliza.

"Hiyo ndiyo ilinichoma. Goti ni goti, lilipona lenyewe." Akatupa maganda kwa mbuzi. "Sasa wewe, umekula hapa miezi miwili na hujaomba msamaha. Unangoja mbaazi ziishe?"

Nikaomba msamaha. Akanipa, upesi, kama mtu anayesukuma kiti kwa mgeni. Lakini aliniomba kitu kimoja. Aliniomba niandikie kikosi barua niseme ukweli, ili jina lake litolewe pale lilipoandikwa. Si kwa ajili ya chochote, alisema; ni ili watoto wake wasije wakaikuta. Nilimwambia nitaandika. Tulipohamia hapa Katelembo nilianza barua hiyo mara nyingi. Kila mara nilifika kwenye jina la Sajini nikasita, kwa kuwa alikuwa amestaafu, alikuwa mgonjwa, alikuwa amenifundisha kila kitu ninachokijua. Nilimheshimu mpaka akafa. Kioko akafa mwaka uliofuata. Barua haikuandikwa.

Kwa hiyo leo, ulipopanda pikipiki kwenda Tala, sikukaa chini. Nilirudi kilabuni kwa miguu. Nilimwambia katibu, yule kijana mwenye kompyuta, kwamba nimemkabidhi mchezaji silaha bila kuikagua na nikasema ni tupu. Nikaweka funguo za ghala mezani pake. Sitagusa silaha ya kilabu mpaka na mimi nitahiniwe.

"Mzee, hii kweli ni lazima?" akaniuliza. "Ilikuwa ya plastiki."

"Andika."

Akaandika. Nikamwambia ageuze kompyuta nisome. Alikuwa ameandika kwamba nilisahau kidogo. Nikamwambia afute hilo neno kidogo. Akanitazama kama ninamtania, kisha akalifuta. Ndipo nikampigia Kocha Musembi nikamsomea maneno yale yale. Nilitaja kosa langu kwanza, na lako la pili, na sikulipunguza lako kwa kuwa wewe ni mwanangu.

Najua utakalosema. Utasema ningekufunza mwenyewe hapa nyumbani, sisi wawili, bila kukuaibisha mbele ya watu. Nililifikiria hilo njia nzima ya kwenda kilabuni. Lakini ningekufunza vipi? Ningekwambia, "Usiniamini," nawe ungejibu, "Sawa, Nau." Ungekubali kwa heshima, na tungekuwa tumerudi palepale. Kuna mambo ambayo mzazi hawezi kumfundisha mtoto anayemheshimu. Ningeweza pia kukaa kimya, ukaenda Jumatano ukapiga shabaha zako na kuingia kwenye timu. Una mkono mzuri. Sina wasiwasi na hilo. Kisha siku moja, katika nchi ya watu, kocha mwenye mvi na sauti ya upole angekukabidhi silaha na kukwambia tupu kwa lugha yake, na mbele yako pangekuwa na mtu amekaa mlangoni.

Hilo sitaliruhusu. Unaweza kunichukia kwa muda, na kwa kuwa wewe ni mtoto wa mama yako huo muda utakuwa mrefu. Nitakaa nao.

Nafasi hiyo naijua uzito wake. Nimekuona ukiamka saa kumi na moja miaka minne, ukishikilia chupa ya maji kwa mkono mmoja ulionyooka mpaka mkono uache kutetemeka. Nakumbuka majirani walivyouliza msichana anatafuta nini na bunduki, na wewe ukawajibu kwamba unatafuta kumi, ule mduara wa katikati. Kama Jumatatu utaikosa nafasi kwa sababu yangu, itakuwa ni mimi niliyeinyang'anya, na sitajificha nyuma ya neno "mafunzo". Lakini sioni kwa nini uikose. Mtihani wenyewe ni mwepisi. Wanajua kwamba mikono yako inajua kazi. Wanataka kujua kitu kingine.

Kocha ameniambia atakayekutahini ni mzee mmoja, fundi wa zamani, amenizidi umri na ufundi. Wote pale wanamwita Babu. Atakusalimia vizuri, atakuuliza habari za nyumbani, huenda hata akakwambia tulifahamiana. Mpe heshima yake yote. Kisha atakupa bastola, akutazame usoni, na kukwambia ni tupu.

Ipokee kwa mikono miwili. Geuza mdomo wake kwenye mchanga. Toa magazini. Rudisha sehemu ya juu nyuma mpaka ishike. Tazama ndani ya chemba, kisha tia kidole ndani, kwa kuwa macho nayo huona yanachotaka. Fanya hayo taratibu, mbele yake, bila kumwomba radhi na bila kutabasamu. Kama atanuna, mwache anune.

Mama yako ameweka maji ya chai, na pikipiki imesimama njiani. Barua naiacha juu ya begi lako. Mimi nitakuwa uani. Ukimaliza kusoma njoo, na kama una neno la kuniambia, liseme ukinitazama.

Baba yako,
Mutua